Sura ya Sita: Ganda Lililokwama

Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka kwa kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts, Marekani, mwaka 1887. Ilikusudiwa bunduki zinazopakiwa kwa vidole, risasi moja baada ya nyingine. Bastola inayojipakia yenyewe haikuwa imeingia sokoni wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyeiwazia. Miaka 28 baadaye, mwaka 1915, Colt ikatoa bastola iliyobuniwa na John Browning, ile iliyokuja kuitwa Woodsman, na tangu hapo fundi wa bastola za shabaha ameishi na tatizo lilelile: analazimisha mashine ile kitu ambacho hakikupikwa kwa ajili yake.

Tazama maumbile ya risasi yenyewe. Kitako cha ganda kina pindo lililotokeza pembeni, lenye upana wa milimita 7 hivi, wakati mwili wa ganda una milimita 5.7. Kemikali ya kuwashia baruti imefichwa ndani ya pindo hilo, ndiyo sababu pini hupiga ukingoni wala si katikati. Pindo huizuia risasi isizame ndani ya chemba, na hapo linafanya kazi nzuri. Ndani ya magazini linakwaruzana na pindo la jirani yake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kichwa nacho ni cha madini laini, kipana sawasawa na ganda, kimeshikiliwa kwa kisigino kifupi kilichoingia ndani ya mdomo wa ganda. Kikigongwa ubavuni kinapinda. Tena kimepakwa nta au grisi kwa nje, na nta hiyo huishia kwenye chemba, kwenye magazini, kwenye uso wa slaidi na chini ya kila ndoano.

Halafu nguvu ni ndogo. Risasi ya kawaida ya shabaha hutupa kichwa cha gramu 2.6 kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutupa gramu 8 kwa mita 350. Ukizidisha uzito kwa mwendo, utaona kwamba bastola ya .22 inaendeshwa na msukumo ambao haufiki hata thuluthi moja ya ule wa milimita 9, na kwa msukumo huo inatakiwa kufungua, kutoa ganda, kukandamiza springi, kusimamisha nyundo na kurudi na risasi mpya. Akiba ni ndogo mno. Uchafu usiosumbua bastola ya askari unatosha kuisimamisha bastola ya mlenga shabaha.

Bastola hizi hazina kufuli. Slaidi, au boliti kwa zile zilizoundwa kama Ruger, hushikiliwa kwa uzito wake na springi tu. Baruti inapowaka, gesi hukisukuma kichwa mbele na ganda nyuma kwa wakati mmoja, na ganda ndilo linaloisukuma slaidi. Jambo hili watu wengi hulielewa kinyume. Hudhani ile ndoano ndogo iliyo ubavuni mwa slaidi ndiyo inayoling'oa ganda chembani kila risasi inapolia. Kumbe ganda hujitoa lenyewe kwa nguvu ya gesi. Kazi kubwa ya ndoano ni kulishikilia ganda dhidi ya uso wa slaidi mpaka ligongane na kitupio, kile kipande cha chuma kisichotembea kinacholirusha nje. Ndoano huvuta kwelikweli pale tu unapotoa kwa mkono risasi ambayo haijalia. Ndiyo maana bastola yenye ndoano mbovu inaweza kuendelea kutema maganda kwa muda, ikiyarusha ovyo, moja huku na jingine kule, kabla haijaanza kukwama waziwazi. Na ndiyo maana kununua ndoano mpya kabla ya kuchunguza mambo mengine mara nyingi ni kupoteza fedha.

Kabla ya kushika bisibisi, jifunze kusoma mkwamo. Mlenga shabaha, bastola ikijamu, mkono wake huruka wenyewe kuivuta slaidi. Mkwamo unaondoka, na ushahidi unaondoka nao. Katika mashindano ya kimataifa, kanuni zinamkataza kufanya hivyo: anabaki ameelekeza mdomo wa bastola kwenye shabaha, ananyoosha mkono wa pili juu, na mwamuzi anakuja kuangalia. Akiigusa slaidi au usalama kabla ya ukaguzi, anapoteza haki ya kurudia mizunguko yake. Kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya haki ya mchezo, lakini fundi angeweza kuiandika mwenyewe. Weka kidole nje ya triga, elekeza mdomo mahali salama, kisha angalia. Kama risasi imepigwa na haikulia, subiri sekunde 30 kabla ya kufungua, maana baruti iliyochelewa kuwaka hulipuka bila kutoa taarifa. Kama mlio ulikuwa hafifu kupita kawaida, acha kabisa mpaka umeuchungulia mtutu kutoka upande wa chemba, magazini ikiwa nje. Huenda kichwa kimebaki katikati ya njia.

Sasa unaona nini? Ganda lililosimama wima, limebanwa na slaidi kwenye dirisha la kutokea, linakuambia kwamba lilitoka chembani bila shida lakini halikurushwa kwa nguvu. Ama slaidi ilirudi taratibu, ama ndoano iliachia mapema, ama kitupio kimelegea. Ganda lililobaki ndani ya chemba huku risasi mpya ikilisukuma kisogoni ni habari tofauti: chemba chafu au yenye kovu. Slaidi iliyofunga juu ya chemba tupu, na magazini bado ina risasi, maana yake haikurudi nyuma vya kutosha kuifikia risasi inayofuata, au magazini ilichelewa kuipandisha. Risasi iliyoinamisha pua na kugonga mwinamo wa chuma ulio chini ya chemba inaishtaki magazini. Iliyoinua pua juu kupita kiasi inaishtaki magazini vilevile, ila safari hii midomo yake imeachia mapema. Slaidi iliyobakiza milimita moja au mbili kufunga inataka uangalie chemba, kisha springi. Usiisukume kwa nguvu ya kidole gumba. Pindo lenye kemikali ya kuwashia likibanwa vibaya linaweza kulipuka kabla slaidi haijafunga, na shaba ya ganda haina ubavu wa kuizuia gesi hiyo.

Pini ikigonga bila mlio, toa risasi baada ya kusubiri, itazame alama. Alama ikiwa ya kina na safi, huenda kosa ni la kiwanda cha risasi: kemikali husambazwa ndani ya pindo kwa kuizungusha, na mara nyingine sehemu fulani hubaki tupu. Risasi hiyohiyo ikigeuzwa kidogo na kupigwa upande mwingine hulia. Alama ikiwa hafifu, tafuta uchafu kwenye njia ya pini, au slaidi ambayo haikufunga.

Katika makosa haya yote, mshukiwa wangu wa kwanza ni magazini, na sioni haya kusema kwamba fundi anayeanza kwingine anajichosha. Ndani ya magazini pindo la risasi ya juu lazima litangulie mbele ya pindo la risasi iliyo chini yake, na hivyo hivyo hadi chini, kama safu za makuti juu ya paa. Safu moja ikipitana na nyingine, risasi ya juu hunasa kwenye ile ya chini na slaidi haiwezi kuisukuma mbele. Chanzo mara nyingi ni uvivu wa kupakia. Magazini nyingi za .22 zina kitufe ubavuni cha kuishusha springi. Mtu akikivuta mpaka chini na kudondosha risasi zote kwa mkupuo, zinaanguka ovyo na mapindo yanapitana. Shusha kitufe kiasi cha kuingiza risasi moja tu, iweke, shusha tena. Ukimaliza, gonga mgongo wa magazini taratibu kwenye kiganja ili risasi zikae nyuma sawasawa.

Kila magazini ipewe namba kwa rangi isiyofutika. Bila namba, utakuwa unaitibu bastola kwa ugonjwa wa magazini moja kati ya tatu. Magazini namba mbili ikijamu na nyingine mbili zikipita, bastola haina kosa. Irudishe mezani na ushughulike na namba mbili. Ilinganishe na ile nzima kwa kupima kwa vernia: upana kati ya midomo, mbele na nyuma, na je, mdomo wa kulia uko kimo kimoja na wa kushoto? Magazini iliyoangushwa kwenye sakafu ya saruji ikiwa imejaa huwa imepinda mdomo mmoja, na jicho pekee halitaona.

Wenye bastola za zamani za High Standard, zilizotengenezwa Connecticut hadi miaka ya 1980, wanalijua jambo hili kuliko wote. Bastola hizo zililenga vizuri mno, na magazini zake zinataka kurekebishwa kila moja kwa bastola yake. Magazini inayofanya kazi kwa jirani yako inaweza kukataa kabisa kwako. Kurekebisha midomo ni kazi ya koleo lenye taya laini na subira: bana au panua kiasi ambacho vernia inakiona lakini wewe hukioni, kisha jaribu. Jaribu kwa risasi bandia, kamwe si kwa risasi hai juu ya meza ya kazi. Chuma kile hakivumilii kukunjwa mara nyingi; kitapata ufa kwenye kona, na hapo magazini imekwisha.

Kimo cha magazini ndani ya bastola nacho husahaulika. Kishikio chake kikilika, magazini hukaa chini kidogo, na pua ya risasi inagonga pasipo pake. Ukiwa uwanjani, isukume magazini juu kwa kiganja cha mkono wa pili huku ukifyatua mizunguko michache. Kama mkwamo umetoweka, umeshapata jibu. Ndani ya magazini pasipakwe mafuta. Mafuta hukusanya nta na masizi, kisha kibao kinachozipandisha risasi huanza kusuasua, na slaidi hupita juu ya risasi ambayo ilikuwa bado iko njiani.

Baada ya magazini, uchafu. Hapa kuna ubishi wa siku nyingi kati ya walenga shabaha kuhusu kusafisha mtutu, wengine wakidai kwamba mtutu wa .22 unaharibiwa zaidi na brashi kuliko na risasi. Ubishi huo tuuache, kwa sababu mtutu si chemba. Unaweza kuuacha mtutu wiki nyingi bila kuugusa, lakini chemba, uso wa slaidi na kishimo kilicho chini ya ndoano vinataka brashi kila baada ya mazoezi. Mbele ya chemba, pale mdomo wa ganda unapoishia, hujengeka pete ya masizi, nta na madini. Pete hiyo huizuia risasi mpya kuingia mpaka mwisho. Wenye tabia ya kufyatua risasi fupi za .22 Short katika chemba ndefu huijenga haraka zaidi, kwa kuwa ganda fupi huacha sehemu nzima ya chemba wazi kwa moto. Brashi ya shaba nyeusi iliyoloweshwa dawa ya kusafishia, izungushwe mara kadhaa, iachwe kidogo, izungushwe tena.

Kipimo cha chemba ni rahisi kwa bastola inayoachia mtutu wake. Smith & Wesson Model 41, iliyotoka mwaka 1957, hukupa mtutu mkononi ukishusha tu kinga ya triga. Shika mtutu ukiwa umeinuliwa, mbali na bastola yenyewe, dondosha risasi ndani ya chemba: iingie kwa uzito wake mpaka pindo liguse chuma, na ukiugeuza mtutu itoke yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, chemba ni chafu au ina kovu. Ruger za awali, kuanzia ile ya mwaka 1949, hazina ukarimu huo. Kuzifungua ni kazi, na kuzifunga tena kumewatoa jasho watu wazima, kiasi kwamba wenyewe wengi waliacha tu kuzisafisha. Kiwanda kilitoa Mark IV mwaka 2016, inayofunguka kwa kitufe kimoja, na nadhani kitufe hicho kimeponya mikwamo mingi kuliko kipuri chochote.

Kuna dawa ya mtaani ambayo wachezaji wengi huitumia: tone la mafuta juu ya vichwa vya risasi mbili za juu kabla ya kuingiza magazini. Inasaidia, sikatai, hasa kwenye bastola zenye chemba ya kubana. Lakini ikiwa bastola haitaki kwenda bila hilo tone, chemba yake inaomba kusafishwa.

Springi na risasi lazima vizungumzwe pamoja. Springi ngumu na risasi dhaifu huipa slaidi safari fupi: ganda husimama wima dirishani, au slaidi hurudi bila risasi. Springi iliyochoka nayo huiacha slaidi irudi nyuma kwa kishindo, kisha irudi mbele bila nguvu ya kusukuma risasi hadi mwisho. Bastola nyingi za shabaha zilipangwa kwa risasi zisizofikia mwendo wa sauti, kwa sababu kichwa kinachovuka mpaka huo kikiwa njiani hutikisika na kupoteza usahihi. Mtu akizilisha risasi za kasi, zile za mita 380 kwa sekunde, mkwamo unaweza kuondoka mara moja, naye akadhani amepata tiba. Amehamisha tatizo tu. Slaidi sasa inaligonga fremu kwa nguvu ambayo haikukusudiwa, na usahihi aliolipia umepungua. Njia ya busara ni kununua sanduku mojamoja la risasi 50 kutoka viwanda vinne au vitano vya risasi za shabaha, kuzifyatua katika bastola safi, na kuandika ni ipi iliyokwama na kwa namna gani. Baridi ihesabiwe pia: nta huwa ngumu, mafuta huwa mazito, na risasi iliyokwenda vizuri Julai inaweza kusuasua Januari katika uwanja usio na paa huko Ulaya.

Mtu akifunga darubini au kionyesha nukta nyekundu juu ya slaidi yenyewe, ameiongezea uzito, na slaidi nzito huenda polepole. Bastola nyingi za shabaha huepuka shida hiyo kwa kubeba kifaa hicho juu ya mtutu au fremu. Mkono uliolegea nao hulaumiwa sana. Kwa bastola ya shabaha yenye uzito wa zaidi ya kilo moja lawama hiyo haina uzito, kwa bastola nyepesi ndogo ina ukweli.

Hapo ndipo zamu ya ndoano inafika. Itoe: kwa nyingi unasukuma kijiti chenye springi kwa bisibisi nyembamba. Fanya kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kwa sababu kijiti na springi huruka, na vikiruka havionekani tena. Safisha kishimo kwa kijiti cha meno. Angalia ncha ya ndoano kwa kioo cha kukuzia. Inatakiwa iwe na kona kali inayoingia chini ya pindo. Ikiwa imeviringika, ibadilishe, wala usiinoe. Ukishairudisha, teleza ganda tupu chini yake kwenye slaidi iliyovuliwa na uitikise polepole: ganda likae. Likidondoka, springi ya ndoano imechoka. Kitupio kichunguzwe ncha na msingi wake. Kikitikisika hata kidogo, maganda hayatakwenda upande mmoja.

Kinachobaki ni kovu. Mtu akifyatua bastola tupu mara nyingi, pini ya baadhi ya bastola hufika kwenye ukingo wa chemba na kuupondaponda, na chuma kilichopondwa hujitokeza ndani ya chemba. Walenga shabaha wa Marekani hujikinga kwa kuweka chembani ploagi za plastiki za ukutani, zile za kushikia skrubu, ambazo saizi moja inatosha karibu kabisa. Kovu likishatokea, watu hukimbilia tupa. Tupa hula chuma, na chuma cha ukingo ule ndicho kinacholishikilia pindo. Kikipungua, pindo lenye kemikali ya kuwashia linakosa ukuta wa kuegemea na ganda hupasuka, likirusha gesi na vipande vya shaba kuelekea uso wa mfyatuaji. Mwinamo ulio chini ya chemba una hatari ileile: kuung'arisha ni sawa, kuuchimba ni kuliacha tumbo la ganda bila ukuta. Kwa kovu kuna chombo maalumu chenye umbo la chemba, ambacho hukirudisha chuma mahali pake kwa kukisukuma bila kukikata.

Kovu kubwa, kitupio kilicholegea kwenye msingi, ufa wowote kwenye slaidi, na magazini nzima ambayo bado haielewani na bastola ni kazi za fundi mwenye kibali. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Biashara ya silaha huko si ya kila mwenye bisibisi. Bastola ipelekwe kwake pamoja na magazini zake zote zikiwa na namba, sanduku la risasi zilizokuwa zikikwama, na maganda yaliyotoka kwenye mikwamo yenyewe. Fundi akipewa bastola pekee ataifyatua kwa risasi zake na magazini yake, itakwenda vizuri, na utairudisha nyumbani ikiwa na ugonjwa uleule.